UZI: Kuchanganya mitindo ya makabati jikoni. Milango ya fremu, milango bapa na kabati la mninga la mama mkwe, vinakaa pamoja?

Mkazi wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Nyumba imefika pazuri. Vigae vimekwisha, dari limeshapigwa rangi ya kwanza, na sasa tumefika jikoni ambako mimi na mwenzangu hatuelewani kabisa.

Jiko lina mita 4.2 kwa 3. Sinki na dirisha vipo kwenye ukuta mrefu, jiko la gesi litakaa ukuta mfupi, kwa hiyo makabati yatapiga kona. Ukuta mrefu wa pili hauna kitu zaidi ya mlango wa kutokea sebuleni.

Ninavyotaka mimi: makabati ya chini yawe ya milango ya fremu, rangi ya kijani iliyokolea. Ya juu yawe bapa, meupe, yanayong'aa. Halafu kwenye ule ukuta mtupu niweke kabati la vyombo la mninga alilotupatia mama mkwe. Lina vioo juu, droo mbili na milango miwili chini, na kichwani limechongwa maua. Lilikaa sebuleni kwake Tanga miaka nenda rudi, na mbao zake hazijapinda hata kidogo.

Mwenzangu anasema jiko litafanana na duka la samani za mtumba. Fundi wa kwanza niliyemwita alinionyesha picha ya jiko jeupe tupu, akasema "mama, siku hizi wateja wote wanachukua hili." Fundi wa pili alisema kila kitu kinawezekana. Huyo ndiye aliyenitisha zaidi.

Naomba wenye uzoefu mnieleze. Kuna utaratibu wowote wa kuchanganya, au ni bahati nasibu? Naomba kuwasilisha.

Bwana Sufuria

Nipo siti ya mbele. Ila tuambiane ukweli, hilo jiko la ndani litakuwa la kupigia picha, wali wa nazi na maharage vitapikiwa uani kwenye mkaa kama kawaida. Mninga wa mama mkwe usiuache peke yake usiku, mawifi wataufuata.

Randa na Msumeno

Dada, salama. Mimi ni seremala, karakana ipo Keko, na makabati ya jikoni ndiyo yanayonilisha. Acha nikujibu kwa urefu, maana swali hili mafundi tunalikwepa kwa sababu jiko la aina moja ni rahisi kukata na rahisi kupigia hesabu.

Kuchanganya kunakubalika sana tu. Ila anza na maji na moto, ndipo uje kwenye macho. Jiko lako lina sehemu tatu zisizofanana. Chini ya sinki pana unyevu kila siku ya Mungu. Pembeni mwa jiko la gesi pana joto na mvuke wa mafuta. Ule ukuta wa pili ni mkavu. Mtu akiweka MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) iliyovikwa plastiki sehemu zote tatu ili zifanane, plastiki ya mlango ulio karibu na oveni itaanza kubanduka kwenye kona, na sakafu ya kabati la sinki itavimba kama andazi. Ndiyo maana nasema tofauti zitakuja tu, utake usitake. Bora uzipange wewe mwenyewe.

Kwako ningefanya hivi. Kabati la sinki liwe plaiwudi ya milimita 18 inayostahimili maji, na kingo zote zizibwe, hata zile zisizoonekana, hasa matundu ya kupitishia bomba. Hapo ndipo mafundi tunapokimbia kazi: tundu linatobolewa, bomba linapita, ubao unabaki uchi ndani ya tundu na unakunywa maji taratibu. Paka silikoni humo. Makabati mengine ya chini yanaweza kuwa bodi ya kawaida ya melamini, mradi yasimame juu ya miguu ya plastiki, yasikae sakafuni. Unapopiga deki maji hayayafikii.

Sasa mitindo. Ukiondoa majina ya biashara, milango inayouzwa mjini ni ya aina tatu: bapa, ya fremu yenye ubao uliozama katikati (hiyo mnayoiita sheka), na ile ya kizamani yenye paneli iliyonyanyuka na nakshi. Bapa na fremu vinakaa pamoja bila ugomvi kwa sababu vyote ni mistari iliyonyooka. Fremu na nakshi ni ndugu. Kazi ipo kwenye bapa inayong'aa kukaa macho kwa macho na nakshi, na wewe ndicho ulichopanga. Ule mng'ao utaonyesha kivuli cha kabati la mama mkwe mchana kutwa, na kabati litaonekana chakavu hata kama si chakavu. Chukua bapa nyeupe isiyong'aa na ugomvi wote unaisha hapo.

Mtindo ubadilishwe pale ambapo kuna mpaka: chini na juu, au ukuta huu na ukuta ule. Usibadilishe katikati ya mstari mmoja. Milango mitatu ya fremu ikifuatiwa na miwili bapa, mgeni ataamini kabisa pesa ziliisha.

Droo nazo. Fremu ya mlango huwa na upana wa sentimita 6 au 7. Sasa chukua droo ya vijiko yenye uso wa sentimita 14. Toa 6.5 juu, toa 6.5 chini, katikati unabakiwa na sentimita moja. Mfereji! Utakusanya unga wa ngano mpaka siku ya Kiyama. Kwa hiyo hata kwenye jiko la fremu tupu, droo nyembamba ninaziweka bapa, kwa ubao ule ule na rangi ile ile. Wateja hawagundui. Nakwambia hili ujue kwamba majiko mengi unayoyasifia yameshachanganywa.

La mwisho kwa leo: maboksi yote yawe sawa. Kina kimoja, unene mmoja wa bodi, bawaba za aina moja zenye kikombe (ile duara inayozama kwenye mlango) cha milimita 35. Tofauti iwe kwenye milango tu. Ukiichoka kijani miaka ijayo, utaniita nibadilishe milango, graniti ya juu ya makabati haiguswi.

Mkazi wa Goba

Fundi, Mungu akubariki. Hiyo ya droo nimeenda kuangalia kwa jirani sasa hivi, kweli droo zake ni bapa na mimi siku zote nilijua ni fremu.

Maswali mawili. Kabati la mninga nimelipima: kina sentimita 45, urefu wa kwenda juu sentimita 190. Je, nilijengee ubavuni makabati ya kijani ili lionekane limezaliwa humo? Na pili, mwenzangu amekubali nusu, lakini sasa anataka kisiwa, yaani kabati la kusimama peke yake katikati ya jiko. Kitaingia?

Randa na Msumeno

Kisiwa tufanye hesabu. Jiko lina upana wa mita 3. Makabati ya sinki yanakula sentimita 60, la mninga 45. Unabakiwa na mita 1.95. Kisiwa chembamba kabisa ni sentimita 60, kwa hiyo kila upande kinabaki kichochoro cha sentimita 67. Ukifungua droo kubwa hapo hupiti. Kwa kawaida tunaacha mita moja mpaka mita 1.2, ili mmoja awe anaosha vyombo na mwingine apite nyuma yake na sufuria ya moto. Mwambie shemeji kisiwa tukiache. Akitaka sana, meza ndogo ya magurudumu.

La pili, usilijengee. Kabati hilo ni samani, liache lisimame kwa miguu yake. Acha nafasi ya kiganja kila upande na nyuma yake hewa ipite. Ukilibana kati ya makabati ya sentimita 60, lenyewe la 45 litaonekana limezama, na utapata kona mbili za uchafu ambazo fagio haliingii. Na graniti isiende juu yake.

Ila kabla hujalileta, likague mgongoni. Mninga wenyewe una ubishi na wadudu, lakini makabati mengi ya zamani yana mgongo wa plaiwudi laini, na mchwa anaanzia hapo hapo.

Mchoraji wa Ramani

Niongezee kidogo kwa ajili ya huyo shemeji anayeamini kwamba jiko lisilofanana ni la mtumba.

Jiko la makabati yanayofanana ukuta mzima ndilo jipya, lina kama miaka mia tu. Wataalamu wengi wanaanzia hesabu mwaka 1926 huko Frankfurt, Ujerumani, ambako mji ulikuwa unajenga nyumba za wafanyakazi kwa wingi chini ya msanifu majengo Ernst May. Mchoraji wa jiko lao alikuwa mwanamke wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky. Alibana kila kitu ndani ya chumba cha takriban mita 1.9 kwa 3.4, akapunguza hatua za mpishi, na majiko ya aina hiyo yapatayo 10,000 yakafungwa. Kabla ya hapo jiko la huko lilikuwa na meza yake, kabati lake la vyombo, stendi yake ya beseni, kila kimoja na fundi wake. Kufanana kulitokana na kiwanda: ukitengeneza elfu kumi huwezi kutengeneza tofauti.

Na uone alichofanya huyo mama. Ndani ya jiko hilo hilo la kiwanda, chombo cha kuwekea unga alitumia mti wa mwaloni kwa sababu unafukuza funza wa unga, na sehemu ya kukatia akatumia mti wa bichi kwa kuwa unavumilia kisu na madoa. Alichanganya kwa kazi. Fundi wa Keko kasema jambo lile lile pale juu bila kusoma popote.

Sheka nayo ina kwao. Ni jina la kundi la dini, Shakers, lililoongozwa na Ann Lee, aliyetoka Manchester akafika Marekani mwaka 1774. Waliona pambo lisilo na kazi ni majivuno, wakatengeneza samani zilizonyooka mpaka leo watu wanaziiga. Sidhani kama wangeifurahia kijani iliyokolea yenye mishikio ya dhahabu, lakini hilo si letu.

Randa na Msumeno

Mchoraji, "bila kusoma popote" nimeiona. Chuo cha ufundi nimepita, ndugu yangu.

Mchoraji wa Ramani

Hahaha, niwie radhi fundi. Nimemaanisha hukumsoma huyo mama wa Frankfurt.

Nyali Moja

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Mombasa. Mmeongea vizuri lakini mmesahau chumvi. Sie tulio karibu na bahari, bawaba za bei rahisi zinaota kutu haraka sana, na kutu ikishuka kwenye mlango mweupe doa halitoki. Dada wa Goba yuko mbali kidogo na ufuo, lakini anayejenga Kigamboni au Bagamoyo asijidanganye. Bawaba za chuma kisichoshika kutu, au usifanye kabisa.

Halafu kuna mchanganyiko wa huku ambao watu wanauonea haya bure. Chini tunamimina zege: kuta fupi za tofali, slabu juu, vigae ndani na nje. Milango inakuwa ya alumini. Juu ndipo tunaweka makabati ya mbao. Bomba likipasuka unafuta na kitambaa, na mchwa hana la kula. Ubaya wake ni kwamba ukishamimina umemimina, na kwenye mashimo yale marefu ya giza huwezi kufunga droo vizuri. Mimi nimeweka zege chini ya sinki tu, kwingine kote mbao, na milango yote ya chini nimeipaka rangi moja na ile alumini. Mgeni hajui zege inaishia wapi.

Binti Mrima

Mimi namuuliza dada, kwani juu lazima yawe makabati? Wazee wetu wa Lamu walijenga zidaka kwenye kuta, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, vyombo vya kaure vikakaa humo vinaonekana. Una kabati la vioo ukuta wa pili, kwa nini usiache ukuta wa dirisha uwe na rafu mbili wazi za mninga? Hapo mninga unaonekana sehemu mbili, na kabati la mama mkwe halitakuwa mgeni tena.

Bwana Sufuria

Rafu wazi ni kwa watu wasiokaanga samaki. Vikombe vya juu vitakuwa na mafuta na vumbi, kila unapokunywa chai unaanza na kuosha.

Randa na Msumeno

Binti Mrima ana hoja na Bwana Sufuria ana hoja. Rafu zikae upande wa dirisha, mbali na moto, na uweke vile vinavyotumika kila siku: sahani, vikombe, chupa ya chai. Kinachotumika kila siku kinaoshwa kila siku, mafuta hayapati muda wa kuganda. Upande wa jiko la gesi weka makabati yenye milango. Na hilo la mninga kurudi mara ya pili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kitu cha tofauti kikiwa kimoja chumbani, jicho linauliza kimefuata nini. Vikiwa viwili jicho linatulia. Mimi huwa namwomba mteja arudishe kila mtindo angalau mahali pawili, hata iwe rafu moja au fremu ya dirisha.

Mpangishaji

Wakuu, nina nyumba za kupangisha na ninatofautiana nanyi. Weka bapa moja, rangi moja, bodi inayopatikana madukani. Mpangaji akivunja mlango unakata mwingine siku hiyo hiyo. Hayo ya fremu na mninga ukiyaharibu utamtafuta fundi aliyepaka rangi ile, na rangi haitafanana tena.

Randa na Msumeno

Kwa nyumba ya kupangisha uko sahihi, sibishani. Dada anajenga ya kukaa mwenyewe.

Ila umenikumbusha rangi. Dada, ukisema "nyeupe" unitajie nyeupe ipi. Nyeupe ya bodi ya melamini, nyeupe ya rangi ya kupulizwa na nyeupe ya vigae ni tatu tofauti, na zikikaa pamoja moja itaonekana chafu. Nyeupe mbili zinazokaribiana ni mbaya kuliko nyeupe na nyeusi. Chukua kipande cha kigae chako, nenda nacho dukani, ukiangalie nje kwenye jua, sio chini ya taa za duka. Kama haviendani, fanya makabati ya juu yawe rangi ya maziwa kabisa ili ionekane umekusudia.

Mkazi wa Goba

Nimeelewa. Mwenzangu amesoma uzi wote, amenyamaza, na kwake hiyo ni ndiyo.

Suala la mtungi wa gesi. Nilipanga uingie kwenye kabati la fremu karibu na jiko.

Nyali Moja

Dada, hapana. Mtungi ukae nje, bomba lipite ukutani.

Randa na Msumeno

Nje ndiyo bora, namuunga mkono. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inalala chini. Ndani ya kabati lililofungwa inajikusanya kimya kimya inasubiri cheche. Kama kwako haiwezekani kabisa kuweka nje, basi kabati hilo lisiwe na mlango mzima. Liwekewe mlango wa vibanzi vyenye nafasi, na matundu yawe chini kabisa usawa wa sakafu, sio juu. Watu wengi wanatoboa juu kwa sababu ndiko mkono unakofika. Mlango huo wa vibanzi utakuwa mtindo wako wa nne, lakini una sababu, na ukipakwa kijani ile ile haugombani na mtu.

Mkazi wa Goba

Utakaa nje basi, kuna kibaraza kidogo nyuma ya ukuta huo.

Na kabati nimelikagua. Mgongo ni plaiwudi kweli, na nyuma ya droo ya kushoto kuna vitundu vidogo kama vya sindano, na unga mwembamba.

Randa na Msumeno

Usiliingize ndani bado. Futa unga wote, pangusa vitundu, kisha litandikie karatasi nyeusi chini na uliache wiki mbili tatu. Unga mpya ukidondoka, wadudu bado wamo. Karatasi ikibaki safi, huenda walishaondoka zamani, ila endelea kulitazama. Kwa vyovyote, mgongo huo ung'oe, weka plaiwudi mpya ya milimita 6 iliyopakwa dawa pande zote mbili kabla ya kupigiliwa. Kwenye mninga piga msasa mwepesi tu ndani ya droo. Nje usiguse, rangi ile ya uzee hainunuliki.

Mkazi wa Goba

Sawa fundi. La mwisho kabisa: mishikio yake ni ya shaba, imefubaa. Niisugue ing'ae, au nitafute mingine ifanane na ya makabati mapya?

Randa na Msumeno

Geuza hesabu: makabati mapya ndiyo yafuate ya zamani. Mishikio mingi ya dukani inakuja na umbali wa milimita 96, 128 au 160 kati ya tundu na tundu, na ya kabati la zamani mara nyingi haifuati vipimo hivyo. Ukibadilisha utaacha matundu usoni mwa droo. Kwa makabati ya kijani nunua vifundo vya tundu moja, vya rangi ya shaba iliyofubaa, sio ya dhahabu. Kwa meupe ya juu usiweke mshikio wowote, mlango ushuke sentimita mbili chini ya boksi, unafungulia kwa vidole. Nitumie vipimo vya ukuta wa dirisha inboksi, na uniambie dirisha linaanzia urefu gani kutoka sakafuni, maana topu yangu, ile graniti ya juu ya makabati ya chini, inakaa sentimita 90.